Riwaya za majoka na mapenzi: zinazonibamba na zinazonichosha

Mkuu umeuliza kama hizi riwaya mpya za fantasia zilizochanganywa na mapenzi ni nzuri kweli au ni kelele za watu tu, maana Fourth Wing uliipenda halafu mwendelezo wake, Iron Flame, ukakushinda katikati. Mimi hizi ndo ugonjwa wangu kwa hiyo ngoja nijimwage kidogo, nitajitahidi nisimharibie mtu uhondo ila vidogo vidogo vitanitoka tu, mtanisamehe.

Fourth Wing ya Rebecca Yarros (2023) watu wanaicheka eti ya kitoto, lakini kuna kitu imekipatia ambacho wenzake wengi wanakikosa: kinachowatenganisha wale wapenzi wawili, Violet na Xaden, kipo kweli. Mama yake Violet ni jenerali, baba yake Xaden ndo alikuwa kiongozi wa waasi na akauawa kwa uasi huohuo, mama yake Violet akiwa na mkono wake humo. Sasa hapo chuki haihitaji kulazimishwa, ipo mezani tangu wanapoonana. Halafu joka lake Violet na joka lake Xaden ni mtu na mwenziwe, hawakai mbali muda mrefu, na mmoja akifa wengine nao wako hatarini, kwa hiyo watu wawili wenye kila sababu ya kukwepana wanalazimika kuwa pamoja. Ukiyatoa majoka stori ya mapenzi inabomoka yote, na mimi hicho ndo kipimo changu kwenye hizi riwaya.

Na angalia alivyoanza. Siku ya kwanza ya chuo cha wapanda majoka wanavuka daraja jembamba la mawe lisilo na pa kushika, mvua inanyesha, ukiteleza umekufa. Violet anaona msichana asiyemjua amevaa viatu vyenye soli laini, anabadilishana naye kiatu kimoja ili kila mtu awe na angalau mguu mmoja unaoshika. Halafu akiwa juu ya daraja anajikaririsha mambo ya historia na jiografia ya nchi yao ili asipaniki. Kurasa chache tu ushamjua ni mtu wa aina gani, mwili dhaifu, kichwa kinachemka, roho nzuri, na mwandishi hajakwambia hata moja kati ya hayo kwa mdomo. Mi hapo nilishanasa.

Sasa Iron Flame inachoshea wapi? Xaden ana siri zake, Violet anataka azijue zote, jamaa anamwambia niulize nitakujibu, na Violet anajibu sasa nitaulizaje kitu nisichokijua. Mara ya kwanza unasema sawa, dada ana pointi. Ila wanarudia na kurudia mpaka unatamani uwafungie chumbani wayamalize. Vita iko mlangoni, watu wanakufa, na steringi wetu bado wako kwenye mada ileile! Cha tatu, Onyx Storm (Januari 2025), kinapumua kidogo wanapoenda kuzunguka visiwa kutafuta ukoo wa joka la pili la Violet, lile dogo, ila majina ni mengi aisee, kuna mahali nilikuwa nasoma tu ilimradi.

Kingine kinachonikera kwenye hizi za fantasia, hasa zile za viumbe wenye masikio ya kuchongoka wanaoishi miaka mia tano, ni hili suala la wapenzi waliopangiwa na majaaliwa. Wanakutana, kifua kinashtuka, basi, huyu ndo wako milele. Mwandishi kakwepa kazi hapo. Nionyeshe anapendea nini, ucheko wake, ubishi wake, kitu chochote. Na hapa nairudia Fourth Wing kidogo, walioungana bila hiari ni majoka, watu wenyewe wanabaki na kazi ya kuchagua, ndo maana unawaamini.

Ukitaka mapenzi yanayojengwa kwa maneno chukua Divine Rivals ya Rebecca Ross (2023). Iris na Roman wanagombania nafasi moja gazetini, hawapatani hata kidogo. Usiku Iris anamwandikia kaka yake aliyeenda vitani, anasukuma barua chini ya mlango wa kabati, na barua zinapotea. Anayezipata siye kaka, ni Roman, taipureta zao zina uchawi. Akaanza kumjibu bila kujitaja. Ndio ni siri pia, lakini siri hii inapanda bei kila ukurasa, maana jamaa anazidi kumjua msichana huku mchana ofisini wanachokozana kama kawaida. Cha pili, Ruthless Vows, sikukielewa sana, kuna mambo ya mtu kupoteza kumbukumbu humo na mimi ujanja huo nilishauchoka zamani.

Emily Wilde's Encyclopaedia of Faeries ya Heather Fawcett nayo safi, profesa mmoja mkavu asiyependa watu anaenda kijiji cha baridi kutafiti viumbe wa ajabu, kitabu chote ni shajara yake na ana tanbihi kabisa. Inaenda polepole, kama huna subira pita. Legends & Lattes ni orki (jitu la kwenye hadithi za fantasia) aliyestaafu vita akafungua mgahawa wa kahawa, tamu ila hakuna kinachokukimbiza.

Kwa mapenzi matupu bila uchawi mimi niko kwa Emily Henry, hasa Book Lovers (2022). Wengi kwenye riwaya za mapenzi wanagombana kwenye kurasa za mwisho kwa sababu mtu kasikia nusu ya maongezi nyuma ya mlango, upuuzi mtupu. Humu Nora maisha yake yako New York na Charlie amebanwa na wazazi kwenye mji mdogo, wote wanapendana, wote wanaongea kama watu wazima, na bado haisogei. Hiyo inauma kuliko ugomvi wowote. Funny Story (2024) inachekesha zaidi, mchumba wa Daphne kamwacha akamfuata rafiki wa utotoni wa huyo mchumba mwenyewe, na Daphne anaishia kupanga nyumba moja na yule jamaa aliyeachwa na huyo rafiki. Ila mwisho wake niliuona mapema.

Kwa hiyo wewe Iron Flame iweke pembeni tu, hakuna anayekudai. Anza na Divine Rivals, si kirefu, ila hakikisha cha pili unacho karibu hata kama nimekisema vibaya, maana cha kwanza kinakatia pabaya sana.