Maswali ya Wasomaji: R Inapogoma Kwenye Matriksi na Majedwali

Swali: Skripti yangu huchuja safu za matriksi kwa sharti fulani, kisha hukokotoa wastani. Faili zote zinapita isipokuwa moja, ambayo hukatika na ujumbe `incorrect number of dimensions`. Faili yenyewe haina kasoro niionayo.

Kasoro haimo kwenye faili. Bila shaka humo ni safu moja tu iliyotimiza sharti lako. Ukiandika `m[, chagua]` na safu iliyobaki ni moja, R (lugha ya programu ya takwimu) huondoa umbo la matriksi na kukurudishia vekta. Vekta haina mistari wala safu, kwa hiyo `ncol()` inatoa `NULL`, na `apply()` inalalamika kuwa `dim(X) must have a positive length`. Andika hivi:

`m[, chagua, drop = FALSE]`

Iwe desturi kila unapokata matriksi ndani ya kitendakazi au kitanzi, kwa sababu pale huwezi kujua mapema zitabaki safu ngapi. Jedwali la `data.frame` nalo lina tabia hiyo: `df[, "uzito"]` ni vekta, ila `df["uzito"]` hubaki jedwali.

Kagua pia upande wa pili, pale ambapo hakuna safu hata moja iliyopita. Kitanzi cha `1:ncol(m)` hapo hakisimami. Huhesabu 1 kisha 0, na kukuletea kosa lisiloeleweka. Tumia `seq_len(ncol(m))`, ambayo kwa sifuri haizunguki kabisa.

Swali: Nimetoa wastani wa kila safu kwa `m - colMeans(m)`. Hakuna kosa wala onyo, lakini wastani mpya wa safu si sifuri.

Hili ni baya kuliko makosa yote ya ukurasa huu, maana liko kimya. R huhifadhi matriksi safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini, na vekta fupi hurudiwarudiwa kwa mpangilio huohuo. Chukua safu ya kwanza yenye 10, 20, 30, 40 na ya pili yenye 1, 2, 3, 4. Wastani ni 25 na 2.5. Ulichotarajia kwenye safu ya kwanza ni -15, -5, 5, 15. Ulichopata ni -15, 17.5, 5, 37.5, kwa kuwa mstari wa kwanza ulitolewa 25, wa pili 2.5, wa tatu 25 tena, na kadhalika.

Na usisubiri onyo. R huonya pale tu urefu wa vekta usipogawanya idadi ya seli bila baki, na idadi ya safu daima huigawanya. Njia sahihi ni hizi:

`sweep(m, 2, colMeans(m))`

`scale(m, center = TRUE, scale = FALSE)`

Ya pili huruka thamani zinazokosekana yenyewe inapotafuta wastani. Kwa ya kwanza lazima uongeze `na.rm = TRUE` ndani ya `colMeans()`. Baadaye hakikisha kwa `round(colMeans(m2, na.rm = TRUE), 10)`, ambapo `m2` ni matriksi mpya. Kwa upande wa mistari, `m - rowMeans(m)` ni sahihi jinsi ilivyo, na pengine ndiyo inayowafanya wengi waamini kwamba ya safu nayo ni salama.

Swali: Baada ya `merge()` jedwali la mistari 800 limekuwa na mistari 1,130.

Ufunguo, yaani safu inayounganisha majedwali, unajirudia kwenye jedwali la pili (`b`). Mstari mmoja wa kushoto ukikutana na mitatu ya kulia, unazaa mitatu. Kabla ya kuunganisha, `anyDuplicated(b$kitambulisho)` inapaswa kutoa 0. Isipotoa sifuri, amua kwanza ni mstari upi unaoutaka. Kutumia `unique()` baada ya kuunganisha kunaficha tatizo tu. Na kama hutaki kupoteza mistari isiyo na mwenza, weka `all.x = TRUE`.

Swali: Safu ya uzito ina namba tupu, lakini nikiizidisha R inasema `‘*’ not meaningful for factors`. Nikailazimisha kwa `as.numeric()`, nikapata 2, 3, 1 badala ya 70, 8, 105.

Ndugu msomaji, safu yako ni ya aina ya `factor`. Ndani yake R hutunza lebo na msimbo wa kila lebo, na `as.numeric()` imekupa misimbo. Lebo hupangwa kama maneno, kwa hiyo "105" hutangulia "70", nayo "8" huwa ya mwisho. Ndiyo sababu 70 imekuwa 2. Pitia maandishi kwanza:

`as.numeric(as.character(df$uzito))`

Hadi toleo la 4.0.0 lilipotoka mwaka 2020, `read.csv()` iligeuza maandishi yote kuwa `factor` bila kuulizwa. Sasa huyaacha kama maandishi. Skripti ya zamani inaweza kutoa matokeo tofauti kwenye kompyuta mbili kwa sababu hiyo tu.

Lakini swali la msingi ni kwa nini namba zilisomwa kama maandishi. Seli moja yenye "70 kg", kistari badala ya thamani, au mkato mahali pa nukta ya desimali inatosha kuchafua safu nzima. Mtafute mkosaji:

`x <- as.character(df$uzito)`

`unique(x[is.na(as.numeric(x)) & !is.na(x)])`

Utaona onyo `NAs introduced by coercion`. Lipuuze, hapa ndilo unalolitafuta. Kisha rekebisha wakati wa kusoma faili: `na.strings = c("NA", "", "-")`, na `dec = ","` ikiwa desimali zimeandikwa kwa mkato. Faili iliyotenganishwa kwa nukta mkato isome kwa `read.csv2()`.

Jingine la ukoo huohuo: `as.matrix(df)` hugeuza kila kitu kuwa maandishi iwapo jedwali lina hata safu moja ya majina. Matriksi hubeba aina moja tu ya data. Chagua safu za namba kwanza, `as.matrix(df[sapply(df, is.numeric)])`.

Swali: Nakokotoa rigresheni kwa mkono: `solve(t(X) %*% X) %*% t(X) %*% y`. Napata `system is computationally singular`. Nimeshauriwa niweke `tol = 0`. Je, ni sawa?

Si sawa. Hoja ya `tol` ni kengele ya moto, nawe unashauriwa kuikata waya. `solve()` hugoma pale makadirio ya hali ya matriksi (karibu na 1 ni nzuri, karibu na 0 ni mbovu) yanaposhuka chini ya takriban 2.2e-16, yaani tarakimu zote ambazo kompyuta inaweza kuzishika zimeshaliwa. Ukilazimisha, utapata namba, ila hazina maana.

Tafuta chanzo. Cha kawaida zaidi ni safu inayotokana na nyingine: jumla iliyowekwa pamoja na sehemu zake, au makundi matatu yaliyopewa safu tatu za 0 na 1 huku safu yenye namba 1 pekee (ya kikatizo, `intercept`) nayo ikiwepo. Safu hizo tatu zikijumlishwa zinatoa ileile ya 1, hivyo mojawapo lazima iondoke. Chanzo kingine ni safu nyingi kuliko mistari, ambapo hakuna ujanja wa kukokotoa utakaokusaidia. R inaweza kukutajia safu zenyewe:

`q <- qr(X)`

`q$rank`

`colnames(X)[q$pivot[-seq_len(q$rank)]]`

Ikiwa `q$rank` ni ndogo kuliko `ncol(X)`, mstari wa mwisho unataja safu zinazozidi. Ikiwa ni sawa na `ncol(X)`, tazama vipimo: safu moja ya mamilioni kando ya nyingine ya sehemu za milioni huiyumbisha hesabu hata kama hakuna inayotegemea nyingine. Zilinganishe kwa `scale()`, au badilisha vizio.

Fomula yenyewe pia iache. Kuzidisha `t(X)` kwa `X` huipandisha kipeo cha pili namba inayopima ubovu wa hali ya matriksi: ikiwa ni milioni moja kwa X, inakuwa trilioni moja kwa zao hilo, na katika tarakimu kama 16 ulizo nazo, takriban 12 zinapotea badala ya 6. `qr.solve(X, y)` huikwepa hatua hiyo, na `lm()` hutumia njia hiyohiyo ya QR (kuigawa matriksi kuwa zao la matriksi mbili). Tena `lm()` ikikuta safu inayotegemea nyingine, huweka `NA` kwenye kigezo chake na kuendelea. `alias()` itakuonyesha utegemezi wenyewe. Wengi huiona `NA` hiyo kama hitilafu, kumbe ni jibu.

Swali: `cannot allocate vector of size 18.6 Gb`. Nina pointi 50,000 tu na nataka umbali kati yao.

Kila namba yenye desimali huchukua baiti 8. Seli 50,000 × 50,000 × 8 ni baiti bilioni 20, ambazo R huzihesabu kama 18.6 Gb (Gb yake moja ni baiti 1024 × 1024 × 1024). `dist()` hutunza nusu tu, yaani 9.3, lakini kuibadili kwa `as.matrix()` kunarudisha ukubwa wote, na hatua nyingi hutengeneza nakala juu ya nakala. Mara nyingi unachohitaji ni majirani wachache wa kila pointi. Fanya kwa vipande vya mistari 1,000: kila kipande ni seli milioni 50, sawa na baiti milioni 400. Hifadhi majirani wa karibu, tupa kipande, endelea na kinachofuata. Ikiwa sehemu kubwa ya matriksi yako ni sifuri, pakeji ya `Matrix` hutunza zile zisizo sifuri pekee, ila matriksi ya umbali haina sifuri za kutosha kunufaika nayo.