Maswali ya Wasomaji: Je, Mtu Huweza Kuwa "Amazed" Kwenye Msiba?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiingereza kidato cha pili katika shule moja ya sekondari mkoani Iringa. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika insha, "I was amazed to hear that my grandfather had died." Nilipoipigia mstari mwekundu sentensi hiyo, alinijia na kamusi mkononi akanionyesha kwamba "amaze" maana yake ni kumshangaza mtu sana, naye kweli alishangaa sana. Nilijua sentensi haifai, lakini nilishindwa kumweleza kosa liko wapi. Je, "surprise", "amaze", "astonish", "startle" na "shock" hutofautiana kwa ukali tu, au kuna jambo jingine?

JIBU: Mwalimu, kamusi ya mwanafunzi wako haikudanganya, ila ilimpa nusu ya habari. Kamusi nyingi ndogo huyapanga maneno haya kama ngazi: chini "surprise", juu yake "amaze" na "astonish", kileleni "astound", na kila moja hufafanuliwa kwa kuliongezea "sana" lile lililotangulia. Ukali upo, lakini kinachoyatenganisha zaidi ni kile kinachoguswa ndani ya mtu, yaani matarajio yake, mwili wake, akili yake au utu wake.

"Surprise" hugusa matarajio. Mtu alidhani hivi, yakawa vile, na jambo lenyewe laweza kuwa jema, baya au lisilo na uzito wowote, kama kukuta duka limefunguliwa siku ya sikukuu. Neno hili lina asili ya Kifaransa cha kale, ambako liliundwa kwa sehemu zenye maana ya "juu" na "kukamata", na katika Kiingereza cha zamani lilitumika kwa shambulio la ghafla dhidi ya askari ambao hawakujiandaa. Maana hiyo ndiyo inayobeba kisa kimoja cha utani kinachosimuliwa kuhusu Noah Webster, Mmarekani aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828. Wengine humtwika Samuel Johnson wa Uingereza, na hakuna ushahidi kwamba kilimtokea yeyote kati yao. Mke wa mtunzi wa kamusi, kama wanavyosimulia, alifungua mlango akamkuta mumewe amemkumbatia mtumishi wa nyumbani, akatamka kwamba yeye ni "surprised". Mume akamsahihisha papo hapo: aliye "surprised" ni mimi, wewe ni "astonished". Nadhani msomaji wa Kiswahili huuelewa utani huu upesi kuliko Mwingereza wa leo, kwa kuwa sisi tunalo neno kufumania: mume amefumaniwa, mke amepigwa na butwaa.

Butwaa hilo ndilo kiini cha "astonish". Pamoja na "astound" na "stun", neno hili lina uhusiano na kitenzi cha Kilatini cha kunguruma kwa radi. Akili husimama kwa muda, na mtu hukosa la kusema. "Stun" ndilo lililobaki karibu zaidi na pigo lenyewe, kwani hadi leo hutumika hata kwa kumpiga mnyama mpaka apoteze fahamu.

"Startle" ni la mwili tu. Mlango unabamizwa, mtu anaruka kabla hata hajajua kilichotokea. Ni kushtuka au kugutuka. Kuku naye huweza kuwa "startled", lakini hawezi kuwa "astonished", labda katika hadithi za watoto.

Sasa tuje kwa "amaze", lililomponza kijana wako. Zamani neno hili, ambalo ni la ukoo mmoja na "maze", yaani njia za kupotezana, lilimaanisha kuchanganyikiwa, hata kwa hofu. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Marko 14:33, Yesu akiwa Gethsemane anatajwa kuwa "sore amazed", mahali ambapo Biblia yetu ya Kiswahili inasema alianza "kufadhaika sana". Kwa Kiingereza cha wakati ule, sentensi ya mwanafunzi wako ingepita bila shida. Tangu hapo neno limehamia upande wa maajabu, na "amazing" leo karibu kila mara ni sifa. Matangazo ya biashara yamelichosha kiasi kwamba hata sabuni ya kufulia ni "amazing". "Amazed" bado huweza kutumika kwa jambo baya, kama mtu anapostaajabia utovu wa adabu wa mwenzake, lakini hubaki na ladha ya kulitazama jambo kwa mbali na kulistaajabia. Mjukuu hakitazami kifo cha babu yake hivyo. Angeweza kuwa "amazed" kwamba babu alifikisha miaka mia moja akiwa bado analima.

Neno alilolihitaji ni "shocked". Hili lilianza na mgongano wa vitu viwili, na sasa hubeba pigo la moyo: habari ya msiba, ajali, au kitendo kinachovunja maadili. Mwambie pia achunge viambishi vyake, kwa sababu "I was shocked" ni kwamba nilipatwa na mshtuko, ilhali "I was shocking" ni kukiri kwamba mwenendo wangu ulikuwa wa aibu.

SWALI: Ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Mombasa. Mgeni alituachia zawadi kubwa, nikamwandikia, "We were shocked by your gift." Alijibu akiuliza kama ametukosea. Ningeandikaje?

JIBU: Dada, baada ya maelezo ya hapo juu, nadhani umeshaona kwa nini aliingiwa na wasiwasi: ulimwambia kwamba zawadi yake iliwaumiza au iliwatia aibu. "What a lovely surprise" lingetosha kabisa, kwa sababu "surprise" halina rangi yake yenyewe na hupokea ile unayoipaka. Ukitaka sentensi kamili, andika "We were pleasantly surprised by your gift". Usiseme tu "We are surprised at you", kwani kauli hiyo, bila hata neno moja kali ndani yake, ni karipio ambalo mzazi wa Kiingereza humpa mtoto aliyemvunjia heshima mbele ya wageni.