Pagola Katika Ua wa Pwani: Jua la Saa Sita, Chumvi na Upepo wa Kusi

SWALI: Mhariri wa safu ya ujenzi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Kigamboni, Dar es Salaam, kiasi cha mita 200 kutoka ufukweni. Nyuma ya nyumba yangu, upande unaotazama bahari, nina ua mtupu wa mita 4 kwa 5 ambao hauna mti hata mmoja. Ningependa kujenga pagola, yaani fremu ya nguzo iliyo wazi yenye mbao zilizopangwa juu, ili wajukuu wapate kivuli na mimi nipate mahali pa kusomea. Fundi amependekeza kuigemeza kwenye ukuta wa nyumba, kutumia mbao za msonobari na kuziunga kwa misumari. Nina wasiwasi, kwa sababu pagola ya jirani yangu iliyojengwa hivyo hivyo iling'oka msimu wa kusi. Je, nitumie mbao gani, na je, mbao za juu zielekezwe upande upi?

JIBU: Shikamoo, mama. Wasiwasi wako ni wa haki kabisa, na swali lako la mwisho, ambalo wengi hawalifikirii, ndilo nitakaloanza nalo, kwa kuwa likikosewa utakuwa umelipia fremu nzuri isiyo na kivuli.

Vitabu na picha nyingi za pagola hutoka katika nchi zilizo mbali na ikweta, ambako jua la mchana huinamia upande mmoja wa mbingu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Huko mbao za juu hulazwa kutoka mashariki kwenda magharibi ili zilikinge jua hilo. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua hupita juu kabisa ya vichwa vyetu mwanzoni mwa Machi na tena ndani ya Oktoba, na katika miezi ya joto iliyo kati ya nyakati hizo halijitengi sana na utosi. Ukizilaza mbao mashariki-magharibi katika miezi hiyo, jua litasafiri sambamba na nafasi zilizo kati ya mbao, nawe utapata michirizi ya mwanga tangu asubuhi hadi alasiri.

Kwa hiyo mwambie fundi azielekeze kaskazini-kusini na azisimamishe kwa ubavu, si kuzilaza bapa. Mbao ya inchi 2 kwa 6 iliyosimama hivyo, ikiachiwa nafasi ya inchi 3 kabla ya mwenzake, hukata miale ya jua kila linapokuwa chini ya nyuzi 63 hivi upande wa mashariki au wa magharibi. Maana yake ni kwamba mwanga wa jua utapenya kati ya mbao kuanzia yapata saa nne na nusu hadi saa nane na robo mchana, na saa hizo hazibadiliki sana mwaka mzima. Ua wako una bahati nyingine: ukiwa mashariki mwa nyumba, jua kali la alasiri huzuiwa na nyumba yenyewe. Kinachobaki ni zile saa chache za adhuhuri, na kwa hizo ninakushauri neti ya kivuli, ile wanayotumia wakulima wa mboga na miche, ifungwe kwa kamba juu ya mbao kwa namna ambayo mtu mmoja anaweza kuifungua. Usiifunge moja kwa moja. Neti iliyokazwa hukamata upepo, na siku Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali inapaswa kuwa imekunjwa ndani.

Jua la saa moja na saa mbili asubuhi, ambalo huingia kwa ubavu chini ya mbao, halizuiliwi na paa la aina yoyote. Wengine huziba upande wa mashariki kwa ukuta au bati, lakini kwako huko ndiko bahari iliko, na upepo wa bahari ndio unaofanya ua wa pwani ukalike. Acha upande huo wazi, au weka fito chache zenye mmea unaotambaa.

Sasa niingie kwenye upepo. Pagola iliyo wazi hupitisha sehemu kubwa ya upepo, ndiyo sababu watu hudhani haihitaji msingi wa maana. Lakini kusi huvuma kwa miezi mingi mfululizo, na mara chache pwani yetu hupata jambo kubwa zaidi: kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952, na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Nguvu inayoharibu pagola kwa kawaida si ile inayoisukuma kwa ubavu peke yake, bali ni ile inayoinyanyua. Kinachoizuia isinyanyuke ni uzito wa zege lililo chini na uimara wa viungo. Shimo la sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 60, likijazwa zege, lina uzito wa zaidi ya kilo 500 kwa kila nguzo, nami nisingeridhika na pungufu ya hapo katika udongo wa kichanga kama wa Kigamboni. Zege hilo lisitengenezwe kwa mchanga wa ufukweni hata kama ni wa bure, kwa sababu chumvi iliyomo hula nondo na bolti kutoka ndani, na ufa unapoonekana uharibifu umeshakwenda mbali. Agiza mchanga wa mto.

Kuhusu kuigemeza pagola kwenye ukuta, ninapingana na fundi wako. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa matofali ya saruji ambayo hayakuwekwa kwa ajili ya kuvutwa. Bolti iliyoingizwa humo hulegea kadiri fremu inavyotikiswa, kisha maji ya masika hufuata tundu lake hadi ndani ya ukuta. Jenga pagola inayojitegemea kwa nguzo 4, ikae umbali wa kama sentimita 30 kutoka ukutani, na kila nguzo iungwe na mhimili wake kwa vipande vya mshazari pande zote mbili. Bila vipande hivyo nguzo huanza kuyumba mwaka wa kwanza, na misumari hufuata.

Misumari yenyewe haifai kwa viungo vikuu. Tumia bolti zinazopenya mbao zote mbili, zikiwa na washa pana na nati. Uliza kwa uangalifu aina ya bolti: zile zinazong'aa sana madukani mara nyingi zimepakwa zinki nyembamba mno, na karibu na bahari hushika kutu upesi. Zilizochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa huwa na rangi ya kijivu iliyofifia na hudumu zaidi. Ukiweza kununua stenlesi, chagua daraja la 316 badala ya 304, kwa kuwa 316 ina molibdenamu inayoisaidia kuhimili chumvi. Ninaelewa kwamba bei yake inaumiza. Hata hivyo, kama fedha hazitoshi kwa kila kitu, ningependa upunguze kwenye uzuri wa mbao kuliko kwenye bolti na msingi, kwa maana mbao moja iliyoharibika hubadilishwa kwa saa moja, ilhali kiungo kilichokatika huangusha fremu nzima juu ya watu waliokaa chini yake.

Tukija kwenye mbao, mkongo na mvule huvumilia sana hali ya nje, lakini ni miti ya asili, ni ghali, na ni lazima ujiridhishe kwamba muuzaji ana vibali halali vya mazao ya misitu. Mtiki wa mashamba ya kupandwa, kama yale ya Longuza huko Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, ni chaguo ninalolipenda zaidi kwa ajili ya pwani, mradi upate kiini cha mti chenye rangi ya kahawia. Ile sehemu nyeupe ya pembeni huliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote laini. Msonobari wa fundi wako haukatazwi, lakini uwe umekauka vizuri na umetiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo, si kupakwa kwa brashi uani. Mabaki ya mbao za namna hiyo yasitumiwe kuni jikoni, kwani dawa inayotumika mara nyingi huwa na aseniki. Miguu ya nguzo isizikwe kwenye zege. Ikae juu ya vishikizo vya chuma vinavyoinyanyua sentimita 5 hivi, maji yapite na mchwa waonekane wanapojaribu kupanda. Vanishi usihangaike nayo, maana jua letu huipasua na kuibandua. Paka mafuta ya mbao kila mwaka, kabla ya masika.

Jambo la mwisho kwako, mama, ni ofisi ya halmashauri: kaulize kuhusu kibali kabla ya kuchimba. Wewe uko mbali vya kutosha na ufukwe, lakini wasomaji waliojenga karibu zaidi wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini.

SWALI: Nimejenga pagola Tanga mwaka jana, yenye nguzo nyembamba, mashimo ya kina kifupi na mbao za juu zilizo tambarare, na sasa ninataka kuiezeka kwa makuti ili nisilowe mvua ya vuli. Je, fremu itastahimili?

JIBU: Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotupa, sidhani. Mbao zako za juu ziko tambarare, na makuti yanahitaji mteremko mkali, karibu nyuzi 45, la sivyo maji hutuama kati ya majani, yakaoza na kuvuja. Itakubidi uinue kipaa kipya juu ya fremu, na hapo pagola iliyokuwa ikipitisha upepo inakuwa banda linaloupokea wote. Nguzo nyembamba na mashimo ya kina kifupi vilivyotosha mwanzo havitatosha tena. Kama ni lazima uwe na makuti, jenga banda la makuti tangu chini, na uiache pagola iendelee kuwa pagola.

Ukifikia huko, zingatia mambo mawili. Boriti za mikoko, ambazo zimeezeka nyumba za pwani kwa karne nyingi, huvunwa kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na mikoko inayokatwa ovyo ndiyo hiyo hiyo inayozuia ufukwe wetu usiliwe na mawimbi na inayowalea samaki wachanga. Nguzo za mvinje uliopandwa hufanya kazi vizuri. La pili ni moto. Makuti makavu yakishika cheche wakati upepo unavuma, hakuna ndoo itakayowahi, kwa hiyo jiko la mkaa, jenereta na nyaya za umeme zisizo ndani ya bomba zisikae chini yake wala karibu yake.

SWALI: Hapa Bagamoyo fundi wa kuchomelea ameniambia pagola ya mabomba ya chuma ya mraba ni rahisi na haina mchwa. Mke wangu anataka tupandishe bogenvilia juu yake. Mnashaurije?

JIBU: Mchwa kweli hataigusa, lakini chumvi itaigusa, na bomba huliwa kutoka ndani ambako huwezi kupaka rangi. Kama mmeamua chuma, ncha zote za mabomba zizibwe kwa kuchomelewa. Mabomba yenye zinki yakichomelewa, zinki huungua mahali pa kiungo, basi pasuguliwe na kupakwa rangi yenye zinki kwa wingi siku hiyo hiyo, kabla unyevu wa usiku haujatua. Osheni fremu kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara katika miezi ya ukame, hasa sehemu zilizo chini ya ukingo wa paa la nyumba, ambako mvua haifiki na chumvi hujilimbikiza.

Bogenvilia huvumilia chumvi, upepo na udongo wa mchanga, nayo itawapa kivuli cha adhuhuri ambacho mbao au mabomba peke yake hayatoi. Ina miiba na huwa nzito inapokomaa, na mti ulioachwa bila kupogolewa hugeuza fremu iliyo wazi kuwa tanga mbele ya kusi. Ukatwe kila mwaka kabla ya Aprili. Kama wapo watoto wadogo, asmini ni salama zaidi kwa mikono yao na hunukia jioni, ingawa kivuli chake ni chepesi. Msiijenge pagola chini ya mnazi, hata kama nafasi nyingine haionekani kufaa: dafu moja likianguka kutoka juu hupita kati ya mbao bila kizuizi.