"Cancelled" au "canceled": skripti ya usiku mmoja

Swali: Shikamoo Mhandisi. Tuko wanne kwenye mradi wa programu huria ya malipo: wawili Arusha, mmoja Leeds, mmoja Texas. Sisi tumekua na "colour" na "cancelled" tangu shule ya msingi. Wa Texas amechoshwa na mchanganyiko, ameandika skripti (programu fupi) ya kugeuza tahajia ya mradi wote iwe ya Kimarekani kwa mkupuo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Kwanza, hiyo skripti msiiendeshe.

Mnagombania usahihi wakati hakuna aliyekosea. Kila mradi ninaoukagua, simkosi mtu aliyerithi kalamu nyekundu ya mwalimu wake wa Kiingereza. Hata "-ize" (kama "organize") ambayo wengi huiita ya Kimarekani, kamusi za Oxford zenyewe huitanguliza.

Majina ya ndani ya msimbo (code) yafuate Kimarekani. Si kwa kumheshimu wa Texas. Ni kwamba mnajenga juu ya vitu vilivyokwisha kuandikwa hivyo. CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, inaijua "color" tu. Andika "colour", kivinjari kitauruka mstari wako kimyakimya. (Kijivu pekee ndicho kilichosamehewa: "gray" na "grey" zote hupita.) Maneno anayoyasoma mteja yawekeni kwenye faili la tafsiri la Kiingereza cha Uingereza, yaishe.

Sasa skripti. Mnayo "cancelled" ya kusomwa kwenye skrini, na mnayo nyingine iliyohifadhiwa kwenye kanzidata kama hali ya muamala. Geuzeni msimbo uwe "canceled" na rekodi za zamani zitabaki vilevile, hazilingani tena na chochote. Niliwahi kuitwa kutafuta miamala "iliyopotea" namna hiyo. Ilikuwepo yote, msimbo ndio ulikuwa unaiita kwa jina lisilo lake.

Na jina likishatoka nje, si lenu peke yenu. Vivinjari hutuma kichwa cha HTTP (kanuni za mawasiliano ya wavuti) kinachotaja ukurasa ulikotokea, kiitwacho "Referer", "r" moja pungufu. Ni kosa la wazi, liliingia kwenye hati ya HTTP ya 1996, na bado lipo, maana kulisahihisha ni kuvunja seva za watu. "Referrer-Policy", kichwa cha kudhibiti taarifa hiyo kilichokuja baadaye, kimeandikwa kamili. Yote mawili yanafanya kazi.

Mkilazimika kubadilisha, ongezeni jina jipya, la zamani liendelee kufanya kazi huku likitoa onyo, na rekodi zihamishwe kwa zamu yake. Anayewaletea zana ya "kusafisha tahajia" kwa mbofyo mmoja, mwulizeni inatofautishaje hizo "cancelled" mbili.