Ukijitolea Kumpigia Kampeni Mgombea wa Chama Kidogo Ulaya

Kwa ndugu zangu mliopata uraia wa Ujerumani na mnaofikiria kujitolea katika kampeni za Bunge la Ulaya, nina ushauri nilioupata mwaka 2024 nikigawa vipeperushi vya Volt, chama kidogo kinachotaka taasisi za Umoja wa Ulaya ziwajibike zaidi kwa wananchi, hoja ninayoiamini kwa dhati.

Msianze na neno demokrasia, kwani mpita njia amekwisha kulisikia kwa kila chama. Anzeni na jambo moja mnalolijua kwa undani. Mimi nilieleza kwamba Bunge hilo la wabunge 720, waliochaguliwa na wananchi wenyewe, kwa kawaida haliwezi kuwasilisha muswada wa sheria. Linaweza tu kuiomba Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, iuandae, nayo Kamisheni inaweza kukataa mradi itoe sababu. Hapo hata waliokuwa na haraka walitua mifuko yao chini wakauliza maswali.

Mama mmoja wa makamo aliniuliza nani alimchagua Ursula von der Leyen kuwa Rais wa Kamisheni mwaka 2019, ilhali hakuwa mgombea katika uchaguzi. Swali kama hilo linavutia kutia chumvi, nanyi msitie. Viongozi wa nchi wanachama ndio waliompendekeza, wakamwacha Manfred Weber, mgombea mkuu wa kundi lililopata viti vingi, kisha Bunge likamthibitisha kwa kura 383, zikiwa 9 tu zaidi ya zilizohitajika. Ukweli huo unatosha kuonyesha kasoro.

Wengi watawaambia kwamba kura ya chama kidogo hupotea. Katika uchaguzi huu Ujerumani haikuwa na kiwango cha chini cha kura, na ndiyo maana asilimia 0.7 ya kura ilimpeleka Damian Boeselager wa Volt bungeni mwaka 2019, na mwaka 2024 Volt ikapata viti 3 nchini humo. Lakini msiitumie hoja hiyo kwa jamaa zenu walioko Ufaransa, ambako chama kisichofikisha asilimia 5 hakipati kiti.

Muhimu kuliko yote, msiahidi mageuzi ya haraka. Kubadili mikataba ya Umoja kunahitaji ridhaa ya nchi zote 27, na hata pendekezo la wabunge 28 wa kuchaguliwa na Ulaya nzima, lililopitishwa na Bunge mwaka 2022, lilikwama kwa serikali za nchi wanachama. Mtakeni mgombea wenu aseme waziwazi atafanya nini na kiti chake wakati serikali hizo bado zinakataa.