Barua kwa mwanangu: kalori 1,200 si zako

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako wa ofisini amekupa ratiba ya kalori 1,200 kwa siku, yeye imempunguza, na unataka kujua kama nawe uishike, na kama siyo, ya kwako ni ngapi. La kwanza nakujibu kwa neno moja: usiishike. La pili ni refu kidogo, maana namba hiyo hupewi na mtu. Unaitafuta mwenyewe kwa mizani mbili, ya mwili na ya jikoni.

Tuanze na makadirio. Kanuni inayotumika sana ni ya Mifflin na St Jeor, ya mwaka 1990. Kwa mwanamke unachukua kilo zako mara 10, unajumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, kisha unatoa 161. (Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161 unajumlisha 5; mwambie kaka yako, najua ataisoma hii.) Umeniandikia kilo 84, sentimita 168, miaka 29. Basi ni 840 na 1,050, toa 145, toa 161: inabaki 1,584. Hizo ndizo mwili wako unazotumia hata ukishinda umelala, kwa ajili ya moyo, ubongo, ini, figo na joto la mwili tu.

Namba hiyo unaizidisha kwa kipimo cha shughuli: 1.2 kwa anayekaa kutwa, 1.375 kwa mwenye mazoezi mepesi siku moja hadi tatu kwa wiki, 1.55 kwa wa siku tatu hadi tano. Hapa watu hujipendelea mno. Kwenda jimu Jumatatu na Alhamisi halafu saa tisa juu ya kiti hakukufikishi 1.55. Wewe unakaa ofisini na unatembea kutoka kituo cha daladala, kwa hiyo nimekuwekea 1.3. Jumla inakuja kama 2,060, na hicho ndicho kiasi cha kubaki ulipo, hupungui wala huongezeki.

Sasa linganisha. Mwanamke wa miaka 45, sentimita 155 na kilo 60, kwa kanuni hiyohiyo na kazi ileile ya kukaa, anatumia kama 1,540. Akila 1,200 amejipunguzia 340, jambo la wastani kabisa. Wewe ukila 1,200 umejipunguzia 860 kila siku. Ratiba ni moja, adhabu ni mbili tofauti.

Mimi ningekuanzishia 1,600. Upungufu wako utakuwa wa 450 hivi kwa siku, yaani 3,150 kwa wiki. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kama kalori 7,700, kwa hiyo tarajia gramu 400 kwa wiki. Najua unaona kidogo. Lakini kwa kilo zako, kupungua asilimia 5 tu, yaani kilo 4.2, tayari kunasaidia presha na sukari ya damu, na hizo ni kama miezi miwili na nusu.

Kanuni yoyote ya aina hii inaweza kumkosea mtu kwa asilimia 10 na zaidi. Kwako hiyo ni kalori 200, karibu nusu ya upungufu wote tuliopanga. Ndiyo maana usiishie kwenye kanuni. Kwa siku 14 za mwanzo usijinyime kitu. Kula ulivyozoea, andika kila kinachoingia mdomoni, na jipime kila asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya kunywa chochote. Kama wastani wa kilo wa wiki ya pili unalingana na wa wiki ya kwanza, basi wastani wa kalori ulizoandika ndio kiasi chako cha kubaki ulipo, kanuni iseme itakavyo. Toa 400 au 450 hapo.

Ugumu uko kwenye kuandika kwa ukweli, na sisemi kwamba watu ni waongo. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu 10 wanene waliokuwa na hakika kwamba wanakula chini ya 1,200 na bado hawapungui. Miili yao haikuwa na hitilafu ya kutumia nishati. Walichokula kilizidi walichoandika kwa mbali: maandishi yao yalipungukiwa na ukweli kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi waliyotaja yalizidishwa kwa asilimia 51. Kwetu upungufu huo hujificha mahali pawili, kwenye mafuta na kwenye sukari, maana mafuta tunayamimina kutoka kwenye dumu na sukari tunaichota kijiko cha mlima.

Kabla hujanunua hata mizani, kagua kabati lako. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina gramu kama 920, na kila gramu ni kalori 9, basi lita nzima ni karibu 8,280. Mko wawili hapo. Ikiwa inaisha kwa siku nane, kila mmoja wenu anapata kama kalori 517 za mafuta matupu kwa siku (toa yale ya kukaangia mnayomwaga). Kilo ya sukari ni karibu 4,000. Ikiisha kwa siku kumi, ni 200 kwa kila mtu kwa siku. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua, na kwenye pakiti ya sukari vilevile. Kipimo hiki hakidanganyi kwa sababu hakitegemei kumbukumbu yako. Mara nyingi upungufu wote unaoutafuta umo humo, na sahani yako ya ugali haijaguswa.

Kisha nunua mizani ya jikoni ya kidijitali, ya kilo 5 inatosha. Vitu vya wanga vipime vikiwa vibichi, maana maji ya kupikia hubadilisha uzito: unga wa mahindi gramu 100 ni kama kalori 360, uwe umesonga ugali mgumu au laini. Mchele ni vivyo hivyo, 360 kwa gramu 100 za mkavu, lakini ukiiva ni kama 130 tu kwa gramu 100. Anayechukua namba ya wali na kuipa mchele anakosea karibu mara tatu.

Utaniuliza, "Na chakula cha sufuria moja je, tunachokula wote?" Pima sufuria tupu mara moja, uandike uzito wake chini ya kitako kwa kalamu isiyofutika. Tuseme unapika wali wa nazi: mchele gramu 500 ni 1,800, tui zito mililita 300 ni kama 600. Jumla 2,400. Ukishaiva, weka sufuria yote kwenye mizani, toa uzito wa sufuria. Tuseme wali umebaki gramu 1,450. Gawa 2,400 kwa 1,450, unapata 1.65 kwa kila gramu. Ukijipakulia gramu 250 umekula kama 414. Kesho ukipika kwa vipimo vilevile huna hesabu ya kufanya tena. Njia hii inafaa pilau, maharage, mchuzi, chochote. Kwenye sinia la pamoja haifai, kwa hiyo kwa miezi hii jipakulie sahani yako kabla ya kuketi na wenzako.

Programu za simu nyingi zina vyakula vya Marekani, ukiandika chapati zinakuletea kitu chembamba kisicho na mafuta. Chapati yetu ya kusukuma, yenye unga gramu 60 na mafuta kijiko kimoja na nusu cha chakula, inakaribia 400. Yapo majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard, na ya Kenya ya mwaka 2018. Tumia hayo. Na kwenye pakiti angalia kama wameandika kJ, yaani kilojuli. Gawa kwa 4.2 upate kalori.

1,600 zinaonekanaje mezani? Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, kiazi kitamu gramu 150, chai ya maziwa isiyo na sukari: kama 365. Mchana ugali wa unga gramu 100, samaki wa kuchoma gramu 150, mchicha uliokaangwa kwa nusu kijiko cha chakula cha mafuta: 630. Jioni maharage yaliyoiva gramu 200 yenye nusu kijiko cha mafuta, wali mweupe gramu 120, kachumbari: 495. Katikati ya siku papai gramu 300, 130. Hiyo ni 1,620, na njaa yake inavumilika. Ugali wa mama ntilie mara nyingi ni wa unga gramu 200 kwenda juu, kwa hiyo omba nusu tangu mwanzo, usisubiri kubakiza. Chipsi mayai ni karibu 800 hadi 1,000 kwa sahani. Sikukatazi, ila siku hiyo ujue nusu ya siku imeshaliwa.

Protini usiipunguze. Lenga gramu 90 hadi 110 kwa siku, maana mwili ulio kwenye upungufu hula na misuli usipoulisha protini na usipoipa misuli kazi. Yai moja lina gramu 6, samaki au kuku aliyeiva gramu 150 anakupa kama 40, maharage yaliyoiva gramu 200 yanatoa kama 17, na dagaa wakavu gramu 30 kama 18. Ukiona siku imepungua, ongeza dagaa, ndio rahisi kuliko vyote. Mara mbili kwa wiki nyanyua vitu vizito, hata dumu la maji. Kutembea kwa kasi kwa saa moja, kwa uzito wako, huchoma kama 250. Nzuri kwa moyo, lakini ni andazi moja na kidogo, kwa hiyo usizile tena kwa sababu saa ya mkononi imekuambia umezichoma.

Mizani ya mwili ndiyo itakayokuvunja moyo usipojua inavyofanya kazi. Wiki ya kwanza utapungua kilo moja au mbili, karibu zote maji: akiba ya wanga mwilini hushika maji kama gramu 3 kwa kila gramu yake, ikitumika nayo yanatoka. Baadaye, siku za kukaribia hedhi au baada ya pilau yenye chumvi, itapanda kilo moja au zaidi bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Kwa hiyo linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki, na ikiwezekana wiki ileile ya mzunguko wa mwezi huu na uliopita. Usiguse hesabu kabla ya wiki nne. Zikipita na unapungua chini ya gramu 200 kwa wiki, kagua kwanza chupa ya mafuta, ndipo upunguze 100 au 150. Ukipungua zaidi ya kilo moja kwa wiki baada ya wiki mbili za mwanzo, ongeza 200. Na kila ukipoteza kilo 5, piga hesabu upya, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo: kwenye kilo 76 matumizi yako yatakuwa yameshuka kama 100.

Wikiendi iangalie. Siku tano za kujipunguzia 450 ni 2,250. Harusi ya Jumamosi na nyama choma ya Jumapili, kila moja ikizidisha 1,100 juu ya kiasi chako, zimekula karibu zote, na Jumatatu unasema 1,600 haifanyi kazi. Siku ya sherehe kula protini na mboga mchana, ukifika chukua sahani moja, na soda acha. Chupa ya mililita 350 ni kama 145, nazo hazishibishi hata kidogo.

Ukijiminya hadi 1,200 kwa umbo lako, yanayokuja ni haya: baridi, kukosa choo, usingizi kukatika, hedhi kuchelewa au kukoma, na baada ya miezi miwili mitatu nywele kutoka kwa mafungu kwenye kitana. Kupungua kwa kasi, kilo moja na nusu na zaidi kwa wiki, huongeza hatari ya mawe kwenye nyongo. Hedhi ikikosa, rudi 2,000 kwanza, tuzungumze baadaye. Na kama una dalili za mimba, acha yote niliyoandika hapa.

Shangazi yako usimpe ratiba hii hata akikuomba. Anatumia glibenklamidi, dawa ya kisukari, na anayetumia hiyo au insulini akipunguza chakula bila daktari kupunguza dawa, sukari yake inaweza kushuka ghafla akaanguka. Aende kliniki na orodha ya anachokula, dozi ipangwe kwanza.

Anza Jumatatu hizo siku 14 za kuandika tu. Ukimaliza nitumie kilo za kila asubuhi, kalori za kila siku, na tarehe uliyofungua mafuta na iliyoisha. Hiyo ya mafuta usiisahau, nitaiangalia kabla ya nyingine.

Mama yako