Amri Mpya za Kichakataji: Kitabu Kisomwe Vipi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hutunza programu za asembla, lugha inayoandika amri za kichakataji moja kwa moja, katika kampuni ya bima hapa Dallas, Marekani. Kompyuta yetu kuu ya IBM ilibadilishwa kutoka modeli ya z14 hadi z16, nami nikaanza kutumia amri ya SELR, inayochagua moja kati ya thamani mbili kulingana na sharti. Tulipojaribu kuhamia kituo cha akiba, ambako bado kuna z14, programu ilikatika kwa kosa la S0C1, yaani mashine ilikutana na amri isiyoijua. Nitafuatiliaje amri mpya bila kusoma kitabu kizima cha Principles of Operation, cha IBM kinachoeleza amri zote za mashine hizi, ambacho kinakaribia kurasa 2,000?
Msomaji, Dallas

JIBU: Ndugu msomaji, kitabu hicho, chenye namba SA22-7832, hakikuandikwa kisomwe mwanzo hadi mwisho, na sijakutana na mtu aliyefanya hivyo kwa hiari. Wengi wetu hupitisha jicho pembezoni, ambako mistari wima huonyesha maelezo yaliyobadilika. Njia hiyo inafaa, ila ina mtego: mistari hiyo hulinganisha toleo na lile lililolitangulia tu. SELR ilikuja na z15 mwaka 2019, na kwa kuwa ninyi mliiruka mashine hiyo, toleo la z16 la mwaka 2022 haliitangazi tena kuwa ngeni. Mkiruka mashine, msiruke toleo lake.

Mahali pa kuanzia ni kiambatisho kinachoorodhesha amri zote. Amri mpya haiji peke yake, bali huja ndani ya kundi, na kila kundi lina biti, yaani alama ya 0 au 1, inayoonyesha kama mashine inalo. Katika orodha hiyo SELR ina alama ya kundi la MI3, na biti ya kundi hilo ni ya 61. Programu huisoma kwa STFLE, amri inayotoa biti za makundi yote, kisha hupima baiti namba 7 ya matokeo (ukihesabu kuanzia sifuri) kwa X'04', thamani inayolenga biti hiyo pekee. Kumbuka kwamba kabla ya STFLE rejista 0 (rejista ni hifadhi ndogo ndani ya kichakataji) hubeba idadi ya maneno ya biti 64 unayoyataka, ukipunguza moja. Ukiweka sifuri utaiona biti ya 61, lakini hutaiona ya 165, ambayo ni ya amri ya akili mnemba, NNPA, iliyokuja na z16. Kwa amri za vekta, zinazochakata thamani nyingi kwa mara moja, biti pekee haitoshi, kwa sababu mfumo endeshi nao lazima uwe umeziruhusu.

Hata hivyo, usingoje programu ijigundue yenyewe. Panga OPTABLE ya asembla (chaguo linalotaja amri zinazokubaliwa), na kwa lugha ya COBOL ARCH(12), ambayo ni ya z14, kwa kiwango cha mashine iliyo nyuma kuliko zote, ikiwemo ya akiba, ili SELR ikataliwe mezani kwako wakati wa kuandaa programu. Kwa sasa iandike upya kwa LR, inayonakili rejista, ikifuatwa na LOCR, inayonakili sharti likitimia tu, mradi rejista ya matokeo isiwe ndiyo inayobeba thamani ya sharti likitimia. LOCR imekuwapo tangu z196 ya mwaka 2010, na z14 yenu inaielewa.